Mrithi Aliyejileta Mwenyewe

Fursa ilimkuta Injinia Desmond mkono wake ukiwa ndani ya bakuli la fufu, na ndiyo sababu hakuikimbilia mara moja. Fufu ya Maame Dufie haiachwi njiani. Alimeza tonge, akalamba mchuzi wa mbuzi kwenye kidole, ndipo akatega sikio.

Hakuwa injinia. Hakuwa Desmond pia. Kule Sunyani aliwahi kuwa daktari wa macho kwa wiki tatu, na Cape Coast walimjua kama Mchungaji Gideon, mtu wa maombi mazito na sadaka nzito zaidi. Hapa kwetu Asafo, mjini Kumasi, alikuwa injinia kwa sababu alishuka garini amevaa kofia ngumu ya njano, na sisi watu wa Asafo ni wepesi wa heshima. Vaa kofia tu, tutakuamkia.

"Miezi tisa!" Maame Dufie alikuwa akimlalamikia mteja wa meza ya pili, mwiko mkononi. "Miezi tisa naambiwa njoo kesho. Mtu anabeba mimba, anajifungua, mtoto anapewa jina, mahakama bado haijazaa barua moja!"

"Barua gani hiyo, Maame?" akauliza Injinia, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

Maame Dufie hakuhitaji kuulizwa mara mbili. Akavuta kigoda, akaketi, akamwaga yote. Nyumba ile aliyokuwa akiuzia fufu barazani ilikuwa ya Mzee Agyenim, dereva wa treni mstaafu, mtu asiyekuwa na mke wala mtoto. Kabla hajafa aliwaita wazee wa ukoo akawaambia: nyumba hii auziwe Dufie, na dada yangu Nana Pokuaa abaki chumbani kwake mpaka siku yake ifike. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mzee akafa akiwa ameridhika, bila kuandika hata mstari mmoja.

"Sasa pesa ninazo," alisema Maame Dufie. "Miaka kumi na moja ya kutwanga, ninazo. Lakini nyumba ya marehemu haiuzwi mpaka mahakama itoe barua ya mirathi. Na karani anasema barua haitoki mpaka ukoo ulete mrithi aliyewekwa kimila, aje aape na kutia sahihi."

"Si waweke mrithi?"

"Nani? Wapwa wake watatu wote wamekimbia. Wa Hamburg, ukitaja neno mrithi tu, simu inakatika. Wa Toronto hapokei kabisa. Wa Obuasi anasema daktari amemkataza."

"Amemkataza nini?"

"Kurithi."

Msomaji asiwacheke wapwa hao haraka. Kwetu mrithi hapewi kiti cha marehemu peke yake. Anapewa na mambo yake yote: msiba wa kutimiza mwaka ni wake, wagonjwa wa ukoo ni wake, ugomvi wa mipaka ya mashamba ni wake, na bibi kizee wa nyumba ile lazima ale kila siku. Ukiuza nyumba, fedha ni ya ukoo. Mzigo ndio unaokuwa wako.

"Na tajiri wa vituo vya mafuta naye anaitaka," Maame Dufie aliendelea, sauti ikishuka. "Anataka kuibomoa aweke pampu zake. Wazee wamenipa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Barua isipotoka, mimi na vyungu vyangu tutakuwa barabarani, na Nana sijui atalala wapi." Akajifuta macho kwa upindo wa nguo, na hayakuwa machozi ya moshi.

Injinia Desmond alimtazama kwa huruma kubwa. Ndani ya kichwa chake tayari alikuwa amekata tiketi ya basi la Ijumaa kwenda Takoradi.

"Ukoo wao ni upi, Maame?"

"Asona."

Akaweka mkono kifuani, akafumba macho, akanyamaza kiasi cha kutosha watu wa meza ya pili waache kutafuna.

"Maame Dufie," akasema, "mimi ni Asona. Bibi yangu alitoka kwenye ukoo huu huu, tawi la Jamasi. Sikutaka kujitangaza, maana nimekuja mjini kwa kazi za serikali. Lakini damu ni damu. Nitakuwa mrithi."

Maame Dufie akadondosha mwiko.

"Ila," Injinia akaongeza, na bila hilo "ila" hadithi hii isingekuwepo, "kuna gharama ndogo ndogo. Chupa za tambiko, nguo nyeusi, soda ya karani. Sidi elfu tano zitatosha kuanzia."

"Elfu tano ipo," akasema Maame Dufie bila kusita, mpaka Injinia akajilaumu kwa kutotaja nane. "Nitaitia kwenye bahasha leo leo. Lakini sharti Nana Pokuaa akuone kwanza. Mimi si wa ukoo, mwanangu, siwezi kuleta mrithi kama ninayeleta kuku sokoni."

Ufundi wa mtu huyu haukuwa kusema uongo; hiyo ni kazi ya kila mtu. Ufundi wake ulikuwa kurusha neno pana kisha kumwachia mwenyewe alipunguze mpaka limtoshe. "Kuna mtu nyumbani kwako anaumwa mguu," alikuwa akisema kule Cape Coast, na nani asiyekuwa na mtu wa kuumwa mguu? Mwenye mgonjwa alijitaja, akataja na mguu wenyewe, kisha akashangaa mchungaji amejuaje. Kwa hiyo bibi kizee mmoja hakumtisha. Alinawa mikono, akavaa kofia yake, akaingia uani.

Nana Pokuaa alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi akimenya karanga. Alikuwa mdogo wa umbo, mkavu, na macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee.

"Shikamoo, Nana."

"Marahaba. Nani huyu, Dufie? Ana kichwa cha njano?"

"Ni kofia, Nana. Anasema ni wa kwenu, tawi la Jamasi."

Mkono ukasimama juu ya karanga. "Jamasi? Mama yako nani?"

"Mama alifariki nikiwa mchanga, Nana. Nililelewa na bibi mzaa mama. Yaa Birago."

Jina hilo lilikuwa la kweli. Majina ya kubuni husahaulika, na kule Sunyani aliwahi kuumbuka kwa kumsahau mke wake wa kubuni mbele ya baba mkwe wa kubuni aliyemkodi. Tangu hapo, kila alipodanganya kuhusu jamaa, alitumia wale wachache aliokuwa nao.

"Birago," Nana akasema polepole. "Hebu sema tena."

"Yaa Birago, Nana."

"Alikuwa mrefu?"

"Mfupi, Nana."

"Mfupi! Ndiyo. Sisi ndio tuliomwita Mrefu, kwa kumtania." Nana akaweka sinia la karanga chini. "Na alikuwa na kitu hapa..." Akapitisha kiganja hewani kutoka begani mpaka vidoleni, bila kutua mahali.

"Kovu?" akasema Desmond. "La mkono wa kushoto?"

"La mkono wa kushoto!"

"Aliungua na mafuta ya mawese."

"Mafuta ya mawese!" Nana akapiga paja. "Dufie, unasikia? Nilikuwepo! Mimi ndiye niliyempaka majivu! Na jinsi alivyokuwa akiimba..."

"Alikuwa haimbi, Nana."

"Haimbi kabisa! Mama alimgombeza kwa hilo mpaka akachoka." Machozi yakawa yanamtiririka bibi kizee kwenye mikunjo ya uso. "Mdogo wangu. Aliondoka na mtu..."

"Dereva wa lori la kakao," akasema Desmond, na sauti yake ikatoka tofauti.

"Dereva wa lori! Tulimtafuta, mjukuu wangu. Miaka na miaka tulimtafuta. Na kumbe alikuwa anakulea wewe."

Mchungaji Gideon angekuwepo pale angecheka mpaka ashike mbavu. Lakini Mchungaji Gideon hakuwepo. Palikuwa na mtu wa miaka arobaini na moja ambaye bibi yake alikufa bila kumwambia watu wao ni akina nani, akazikwa na watu sita, wawili kati yao wakiwa wachimba kaburi. Mtu huyo alijikuta anajipangusa macho kwa kiganja. Akasingizia pilipili za mchuzi.

"Wanakuita nani, mjukuu wangu?"

"Inji..." akaanza, kisha akajikuta anasema, "Kwaku. Kwaku Fofie."

Usiku wa kuamkia Jumamosi, siku ya kukalishwa kwenye kiti cha marehemu, hakuutumia kukimbia, na sababu aliyojipa ilikuwa bahasha. Maame Dufie alikuwa amemwonyesha. Ilikuwa ya kaki, nene, imefungwa kwa utepe, na alimwambia, "Ukishakalishwa tu."

Jumamosi saa tatu asubuhi wazee wa ukoo walijaa uani kwa nguo nyeusi na nyekundu. Walimvua kofia ya njano, wakamfunga nguo ya marehemu begani, wakamvisha na makubazi ya marehemu, ambayo yalimtosha, jambo lililofanya akina mama wapige vigelegele. Wakamketisha kwenye kiti cha Mzee Agyenim, wakamwinua, wakamketisha tena, mpaka mara tatu. Pombe ya tambiko ikamwagwa chini na majina ya wafu yakatajwa moja moja. Alipolisikia jina la Yaa Birago likitajwa pamoja na wenzake, kwa heshima, na watu hamsini wakiitikia, aliinamisha kichwa, na pale pilipili hazikuwepo.

Kisha akaletewa msemaji. Mtu mzito kwetu haropoki mkutanoni. Anamnong'oneza msemaji wake, na msemaji ndiye anayeyatoa maneno yakiwa yamenyooka. Msemaji aliyepewa alikuwa Mzee Kyei, aliyekuwa akitangaza treni stesheni ya Kumasi kwa miaka thelathini, mtu mwenye sauti ya kufikisha habari mpaka behewa la mwisho.

"Kuanzia leo," Mzee Kyei akamwambia, "mdomo wako ni mimi."

Huu ndio wakati ambao mjanja yeyote angepaswa kuchukua kofia yake. Maneno ndiyo yaliyokuwa shamba lake na jembe lake, na hapo yalikuwa yanakabidhiwa mtu mwingine mbele ya mashahidi. Lakini Kwaku alikuwa akitazama bahasha kwenye mapaja ya Maame Dufie.

"Hongera, mrithi," Maame Dufie akamwambia baadaye, akimpa mkono mtupu. "Bahasha yako ipo. Nimeona heri nikupe mbele ya karani Jumatatu, tusije tukatia mchanga kitumbua."

Jumatatu wakaenda mahakamani watatu, yeye na Nana na Maame Dufie. Karani alikuwa mama mwenye miwani miwili, mmoja puani na mmoja kichwani.

"Jina la mrithi?"

"Injinia..." akaanza Kwaku. Nana akakohoa, naye akajirekebisha: "Kwaku Fofie."

"Kitambulisho."

Alikuwa na kadi nne kwenye mifuko minne. Ya tano, ile ya kweli, ilikuwa ndani ya soksi, na ilibidi ainame mbele ya foleni nzima kuitoa. Karani akaipokea kwa ncha za vidole. Kwaku akaapa, akatia sahihi, na ilimchukua muda kukumbuka sahihi yake inaanzia upande gani.

"Vizuri," akasema karani. "Sasa tangazo litabandikwa ubaoni siku ishirini na moja. Asipojitokeza mpingaji, mtarudi."

"Siku ishirini na moja!" Kwaku akapiga kelele. "Mama, mimi ni mtu wa safari!"

"Marehemu pia," akasema karani, akaita mwingine.

Nje, Maame Dufie akasikitika sana. Akasikitika mpaka akamnunulia soda. Lakini bahasha, alisema, bahasha angempaje kabla tangazo halijaisha? Akijitokeza mpingaji? "Nikikupa leo, watasema nimekuhonga, na barua itafutwa. Mimi na wewe wote tufungwe. Unataka hivyo, mwanangu?"

Hakutaka hivyo. Mtu aliyezoea kuwauzia wenzake ucheleweshaji alikuwa ameuziwa ucheleweshaji wenyewe, tena kwa mhuri wa mahakama. Alihesabu: siku ishirini na moja kwa sidi elfu tano, chakula bure. Kuna mishahara mibaya zaidi. Akahamia chumba cha Mzee Agyenim, akasubiri.

Kusubiri hakukumwacha apumzike. Siku ya pili walikuja ndugu wawili kutoka Bekwai wanaogombea mpaka wa shamba la kakao, na kila mmoja akaapa kwamba mti wa katikati ni wake. Kwaku akawasikiliza nusu saa, kisha akawarushia neno pana. "Mmoja wenu," akasema, "amefanya jambo ambalo bado linamuuma." Wote wawili wakaanza kulia. Kufika adhuhuri walikuwa wamekumbatiana, na mti ukapewa dada yao. Habari zikaenea Bekwai nzima. Siku ya nne walikuja sita. Siku ya saba akaombwa ampe mtoto jina. Siku ya tisa aliketi hospitalini na mzee wa ukoo ambaye hakuwa akimjua, akamshika mkono, kwa sababu mzee alimwita Agyenim na hakukuwa na haja ya kumsahihisha.

Akipita Asafo, watu walimwita mjomba. Wakubwa kuliko yeye walimwita mjomba. Alipojaribu siku moja kutembea mpaka kituo cha mabasi, kuangalia tu bei za Takoradi, alisimamishwa mara kumi na nne: huyu ana mchumba, yule ana jipu, wa tatu anataka apatanishwe na mke. Alipofika kituoni basi lilikuwa limekwisha kuondoka, naye amebebeshwa viazi vikuu viwili na kuku.

Mvua ya siku ya kumi na mbili ikavuja juu ya kitanda cha Nana Pokuaa. Bibi kizee hakulalamika. Alisogeza tu kitanda, akaweka sufuria, akalala upande mmoja kwa sababu upande wa pili ulikuwa na maji.

"Nana, kwa nini hukusema?"

"Marehemu alikuwa akisema atapanda paani Jumapili. Jumapili zikamwishia."

Ndani ya soli ya kiatu chake cha kulia, Kwaku alikuwa ameficha akiba aliyotoka nayo Cape Coast, sadaka za mwisho za Mchungaji Gideon. Alinunua mabati mapya. Gharama za biashara, alijiambia. Mrithi ambaye nyumba yake inavuja atatiliwa shaka. Alijiambia hivyo mara mbili njiani, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Mpingaji hakujitokeza. Siku ya ishirini na mbili karani akashusha miwani ya kichwani, akaweka ya puani juu, akagonga mhuri. Barua ya mirathi ikatoka. Maame Dufie aliishika kwa mikono miwili kama mtoto aliyezaliwa, akakaa kwenye ngazi za mahakama, akalia kwa sauti, na hakuna aliyemkataza. Tajiri wa vituo vya mafuta alipopiga simu kwa wazee mchana ule, kila simu ilikatika. Ukoo ule ulikuwa na uzoefu.

Mauzo yakafanyika uani Jumamosi iliyofuata. Maame Dufie akatoa fedha ya nyumba mbele ya mashahidi, wazee wakaipokea, chupa ikafunguliwa. Ikasemwa wazi kwamba chumba cha Nana Pokuaa ni cha Nana Pokuaa. Kisha Maame Dufie akasimama tena, na Kwaku akaona utepe.

"Na hii," akasema, akiinua bahasha juu ili kila mtu aione, "ni asante yangu kwa mrithi."

Makofi! Kwaku akaipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa nene kama alivyoiota. Begi lake lilikuwa limefungwa tangu alfajiri chini ya kitanda cha marehemu. Akamwinamia Mzee Kyei, akamnong'oneza maneno matatu tu: "Waambie mrithi anashukuru."

Mzee Kyei akasimama. Akavuta pumzi ya kutosha treni ya kwenda pwani.

"Mrithi anashukuru!" akanguruma. "Mrithi anasema, moyo wake umejaa! Mrithi anasema, yeye ni nani hata ale asante peke yake, na mjomba wake hajatimiziwa mwaka? Mrithi anasema, bahasha hii yote, bila kuifungua, iende kwenye msiba wa mwaka wa Mzee Agyenim! Na pale isipotosha, mrithi anasema, ataongeza mwenyewe!"

Uwanja ukalipuka. Wanawake wakavua vitambaa vya kichwa wakamtandikia chini. Ndugu wa Bekwai wakambeba mabegani. Huko juu, Kwaku alifungua mdomo wake mara tatu, lakini mdomo wake ulikuwa Mzee Kyei, na Mzee Kyei alikuwa ameshaketi anakunywa. Bahasha ilipita mikono minane, ikafika kwa Nana Pokuaa, naye akaikalia.

Hakuondoka siku ile kwa sababu hakuwa na nauli. Hakuondoka Jumapili kwa sababu ni Jumapili. Jumatatu asubuhi alisema kwamba atamalizia bati la mwisho, maana lilikuwa limeshanunuliwa, na baada ya hapo asilaumiwe.

Saa sita mchana alikuwa juu ya paa, kofia ya njano kichwani, kwa mara ya kwanza ikifanya kazi iliyoumbiwa. Nyundo ilikuwa mkono wa kulia, bati mkono wa kushoto, na misumari saba alikuwa ameibana kwa midomo. Chini yake, Maame Dufie alikuwa akitwanga fufu kwenye uwanja wake mwenyewe, na Nana alikuwa akigeuza tonge ndani ya kinu, mkono unaingia na kutoka kati ya mapigo ya mchi.

"Nana," akasema Maame Dufie, "niambie ukweli sasa. Yule Birago alikuwa mdogo wako kweli?"

"Twanga."

"Natwanga. Alikuwa mdogo wako?"

"Mimi nilizaliwa kitinda mimba, Dufie. Mdogo ningempata wapi?"

Mchi ukasimama hewani. Juu, nyundo nayo ikasimama.

"Lakini ulilia!"

"Nililia, ndiyo. Kijana anakuja na uongo wake mkononi, na ndani ya uongo ameweka bibi yake wa kweli. Mtu anamtaja hivyo mtu ambaye hakuna mwingine wa kumtaja. Ungekuwa wewe usingelia?" Nana akageuza tonge. "Mimi nilimwonyesha mkono mzima, kovu akaliweka yeye. Lori akalileta yeye. Niliuliza kama alikuwa mrefu, Dufie! Nikakosea, na bado akaniamini."

"Kwa hiyo si wa ukoo."

"Bibi yake Asona, mimi Asona. Wa ukoo ni wa ukoo. Udada ndio niliouongezea chumvi. Na jina lake limeshaingia kwenye tambiko, nani atalitoa?" Akachovya mkono kwenye maji. Kisha, bila kuinua kichwa wala kupandisha sauti, akasema, "Sasa umesikia, Kwaku. Macho yangu ndiyo mabovu, masikio ni mazima. Nyundo yako imenyamaza muda mrefu. Ngazi ipo, begi lako lipo chini ya kitanda. Nauli nimeiweka juu ya begi, nimeitoa kwenye bahasha. Bati likibaki, hakuna neno. Nitasogeza kitanda."

Maame Dufie aliinua uso, akaona kofia ya njano ikimtazama kutoka ukingoni mwa paa.  Kwaku alikuwa na misumari saba mdomoni na hakuitema. Alitazama upande wa kituo cha mabasi, ambako honi ya Takoradi ilikuwa ikiita wa mwisho mwisho. Alitazama chini, kwenye kichwa cheupe cha bibi kizee aliyemtapeli utapeli wake wote kwa karanga mkononi.

Akaanza kugongelea. Msumari wa kwanza, wa pili, mpaka wa saba. Kisha akashuka ngazi taratibu, akasimama mbele yao, vumbi la bati usoni, na Maame Dufie akaubana mchi kifuani.

"Nana," akasema Kwaku Fofie, "misumari haitoshi."